Ekzosi Iling'aa Nje, Ikaoza Ndani

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Musoma

Fundi hakusema neno. Alichukua spana, akachuchumaa, akaigonga ekzosi ya pikipiki ya msikiti upande wa chini, karibu na mkia. Pigo la kwanza lililia kama chuma. La pili lililia kama debe. La tatu halikulia kabisa, kwa kuwa ncha ya spana ilikuwa imezama ndani. Alipoichomoa, unga mwekundu ulimwagika kiganjani mwake mfano wa unga wa matofali. "Ustadh," akasema, "hii uliyokuja nayo si ekzosi. Ni ganda."

Hayo yalitokea Bunda, nilikokwenda kwa shughuli za kamati. Nilipopita Makutano nilisikia mngurumo wa pikipiki umebadilika, ukawa mzito na wa kukwaruza, kama sauti ya mtu mwenye kifua. Nikadhani ni injini, nikaanza kujihesabia moyoni gharama za pistoni. Kumbe injini ilikuwa salama salimini. Kilichokwisha ni lile bomba la kutolea moshi, kitu ambacho katika pikipiki nzima ndicho nilichokuwa na uhakika nacho zaidi, kwa sababu ndicho nilichokiona king'aa kila siku.

Katika begi langu mlikuwa na daftari la matengenezo. Kila Alhamisi baada ya Alasiri, kwa muda wa miaka mitatu, nimeandika humo kwa mkono wangu maneno mawili: imeoshwa, imeng'arishwa. Na hayakuwa maneno ya uongo. Vijana wa bodaboda walikuwa wakija kujitazama nyuso zao kwenye ekzosi ile.

Pikipiki yenyewe ni wakfu. Muumini mmoja aliitoa ili imamu aweze kuzuru wagonjwa, kuhudhuria mazishi na kuzifikia madrasa zilizo pembezoni mwa mji. Kwa hiyo si mali ya imamu, si mali yangu, wala si mali ya kamati. Ni amana iliyo mikononi mwetu. Na fiqhi inamtofautisha mtu aliyeshika amana ikaharibika pasipo kosa lake na yule aliyezembea au aliyevuka mpaka. Wa kwanza hadaiwi kitu. Wa pili anadaiwa. Njia nzima ya kurudi Musoma, huku pikipiki ikinguruma kama lori, nilikuwa na swali moja tu: mimi ni yupi kati ya hao wawili?

Naandika haya katika ukurasa wa familia kwa sababu katika mkoa wetu wa Mara pikipiki ni kitu cha nyumbani kama lilivyo jiko. Ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali usiku, ndiyo inayoleta unga na mafuta ya kupikia, na kwa nyumba nyingi ndiyo yenyewe riziki. Kijana anayeendesha kwa mkataba, akipeleka hesabu kwa tajiri wake mpaka chombo kiwe chake, akibadilisha ekzosi kabla ya wakati wake amepoteza hesabu za siku nyingi. Na mjane aliyenunua pikipiki moja ili imlipie watoto ada, akarudishiwa chombo kilichooza, ana haki ya kuuliza kimeozaje.

Kromu ni nguo nyepesi

Nianze na kosa la kwanza, nalo ni la fikra. Tunaita "ekzosi ya kromu" kana kwamba bomba lote ni kromu. Sivyo. Bomba ni chuma cha kawaida, ndugu yake bati la paa. Juu yake hupakwa kwa njia ya umeme tabaka la nikeli, na juu ya nikeli ndipo hupakwa kromu. Nikeli ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kukinga. Kromu huongeza ugumu na ule mng'aro wa kioo. Madini haya ya kromu aliyagundua Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin mwaka 1797, na jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi, kwa kuwa michanganyiko yake huwa na rangi nyingi. Njia ya kuyapaka kwa umeme kwa ajili ya biashara ilianza kushika katika miaka ya 1920, baada ya kazi ya Colin Fink huko New York mwaka 1924.

Tabaka hilo la kromu kwa kawaida halifikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi hii unayoisoma ni nene kuliko hilo mara nyingi sana. Tena lina vinyufa na vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Maji hupenya humo, hukuta penye upungufu katika nikeli, hufika kwenye chuma, na kutu huanza chini ya kromu. Vile vidoa vya kahawia unavyoviona juu, mfano wa madoa ya chai, si mwanzo wa ugonjwa bali ni dalili yake.

La pili, ambalo mimi sikulijua mpaka fundi wa Bunda aliponiambia, ni kwamba nguo hiyo nyepesi imevishwa upande wa nje tu. Kwa ndani bomba liko uchi.

Maji yanayotoka kwenye petroli

Msomaji atashangaa kama nilivyoshangaa: lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji. Petroli ina haidrojeni ndani yake, na haidrojeni ikikutana na oksijeni ya hewa katika moto, matokeo yake ni maji. Hatuyaoni kwa sababu hutoka yakiwa mvuke. Lakini asubuhi ya baridi, pikipiki ikiwashwa, tazama kwenye mdomo wa ekzosi: utaona moshi mweupe mwepesi, kisha matone. Ni maji hayo, na yamechanganyika na asidi kidogo inayotokana na moshi wenyewe.

Pikipiki ikienda safari ndefu, bomba lote hupata moto, maji hukauka na kutolewa nje. Ikienda safari fupi, sehemu ya mbele hupata moto lakini tumbo la ekzosi huku nyuma hubaki na ubaridi. Mvuke ukifika huko hugeuka maji na kutulia. Injini inazimwa. Maji yanalala humo. Baada ya saa mbili inawashwa tena kwa dakika tatu, yanaongezwa mengine.

Sasa tazama ratiba ya pikipiki yetu. Nyumba ya imamu haifiki hata nusu kilomita kutoka msikitini. Alfajiri kwenda na kurudi. Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha vivyo hivyo. Mara kumi kwa siku inawashwa, na katika hizo kumi hakuna hata moja ambayo ekzosi ilipata moto hadi mkiani. Safari za mbali zilikuwa chache mno. Tulikuwa, bila kujua, tunaimwagia maji kwa ndani mara kumi kila siku, halafu siku ya Alhamisi tunaipangusa kwa nje.

Niliporudi nilimtafuta kijana mmoja wa kijiwe cha Bweri, aliyenunua pikipiki ya aina ile ile katika mwaka ule ule. Yeye hubeba abiria na mizigo hadi Butiama na kurudi karibu kila siku. Ekzosi yake imekwaruzika, imebonyea upande mmoja, mng'aro umefifia. Hakuna atakayejitazama uso humo. Niliigonga kwa spana kama nilivyomwona fundi akifanya. Ililia chuma kitupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chombo kilichofanya kazi mara nyingi zaidi ndicho kilichokuwa kizima.

Ekzosi nyingi zina tundu dogo chini ya tumbo, upana wake kama tundu la msumari. Wengi hudhani ni hitilafu ya kiwandani, na nimeona lililozibwa kwa kuchomelewa. Hilo ndilo mlango wa maji hayo. Likizibwa na tope, maji hayana pa kutokea. Letu lilikuwa limezibwa tangu lini, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Kulizibua ni kazi ya kijiti na nusu dakika, injini ikiwa imepoa.

Chumvi katika nchi ya maji baridi

Ndugu zetu wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja wana adui ambaye sisi hatunaye: upepo wa bahari wenye chumvi, ambao hula kromu hata pikipiki ikiwa imeegeshwa tu. Ziwa letu ni la maji baridi, na kwa hilo tumepata unafuu. Lakini chumvi hutufikia kwa njia nyingine, nayo ni biashara yetu wenyewe. Anayebeba kayabo, yaani sangara waliokaushwa kwa chumvi, hubeba pia maji ya chumvi yanayochuruzika kwenye gunia. Hushuka juu ya ekzosi yenye moto, maji hukauka, chumvi inabaki na kuganda. Ikija mvua ya kwanza inaanza kula. Anayebeba samaki wabichi kwenye tenga lenye barafu naye asidhani yu salama, kwa maana maji yale yana damu na utando wa samaki, na yakiungua juu ya kromu huacha doa gumu. Kwa watu hawa ushauri ni mmoja: nailoni nzito chini ya mzigo, iliyokunjwa ili maji yaelekee nyuma na si pembeni, na kuosha ekzosi siku hiyo hiyo, isingoje kesho.

Jasho la vidole nalo ni chumvi. Ukiishika ekzosi mpya kwa mikono mitupu kisha ukawasha injini, alama za vidole huokwa juu yake na hazitoki tena. Mafundi hodari huipangusa kwa kitambaa safi kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza.

Halafu kuna tope. Barabara ya lami kati ya Musoma na Bunda haina neno, lakini ukiiacha lami kuelekea vijijini wakati wa masika unakutana na udongo mweusi wa mbugani, ule unaonata kama ulimbo. Hujaa kati ya ekzosi na kile kibati cha kinga, hukauka kwa nje na kubaki na unyevu kwa ndani kwa siku nyingi. Hapo ndipo kutu ya nje huanzia mara nyingi, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Tumia kijiti cha mti, usitumie bisibisi.

Na hicho kibati kisiondolewe. Kimewekwa kwa ajili ya mguu wa abiria. Watoto wetu wangapi wana kovu la mviringo kwenye ndama ya mguu wa kulia? Dada zetu nao wanajua baibui la kitambaa cha nailoni linavyoyeyuka likigusa bomba, likaacha doa jeusi linalonuka. Doa hilo halikwanguliwi kwa kisu. Bomba lipashwe moto kidogo, injini izimwe, kisha lipanguswe kwa ubao mwembamba na kitambaa kizito cha pamba, kwa uangalifu wa mkono. Shungi na baibui vikusanywe vizuri kabla ya kupanda, maana hatari kubwa zaidi kuliko doa ni nguo kuingia kwenye gurudumu.

Kuhusu rangi ya buluu

Vijana wengi huchanganya mambo mawili, kutu na kubadilika rangi. Bomba la mbele, pale linapotoka kwenye injini, huanza kuwa na rangi ya dhahabu, kisha zambarau, kisha buluu. Hiyo si kutu. Joto kali hufanya utando mwembamba wa oksaidi juu ya chuma, na mwanga ukipita katika utando huo hugawanyika rangi, kama unavyoona rangi za upinde wa mvua pale tone la petroli linapodondoka juu ya dimbwi. Rangi hubadilika kwa kadiri utando unavyoongezeka unene.

Bomba halitobolewi na buluu. Lakini buluu ni habari, na habari yake mara nyingi ni kwamba injini inakula hewa nyingi na petroli kidogo. Hapa nitasema jambo ambalo halitawapendeza baadhi ya vijana wa vijiweni: ule mtindo wa kumwambia fundi "nibanie mafuta" ili lita moja iende mbali, ndio unaochoma mabomba. Mchanganyiko ukiwa mwepesi kupita kiasi, joto huzidi, na kinachoungua baada ya bomba ni valvu na pistoni. Unaokoa petroli ya mia kadhaa kwa siku ili ulipe injini mwisho wa mwaka. Sababu nyingine ni mpira wa kabureta uliopasuka, jeti iliyoziba kwa uchafu, au gasketi iliyokufa pale bomba linaposhikana na injini, ikiruhusu hewa kuingia. Pia kuacha injini ikinguruma muda mrefu kijiweni pasipo upepo wa mwendo wa kuipoza.

Sababu ikirekebishwa, buluu hafifu yaweza kupunguzwa kwa Brasso au dawa nyingine laini ya kung'arishia chuma, kwa kitambaa cha pamba na kwa subira. Sababu isiporekebishwa, utang'arisha leo na kesho itarudi. Wala kazi hiyo isifanywe kila wiki, maana kila ung'arishapo unapunguza nguo ambayo tumeshasema ni nyepesi.

Namna tulivyokuwa tukiosha

Sasa nitoe ushahidi dhidi ya nafsi yangu. Kila Alhamisi imamu alipofika kwa ajili ya Alasiri, kijana wetu wa usafi aliichukua pikipiki ikiwa bado ina moto na kuielekezea mpira wa maji. Nilikuwa nikisikia ule mlio wa maji yakiungua juu ya bomba, tsss, nikaona kuwa ndiyo kazi inafanyika. Maji baridi yakikutana na bomba lenye moto, matabaka ya chuma, nikeli na kromu hujikunja kwa viwango tofauti, na vinyufa huongezeka. Sabuni nayo huokwa na kuwa madoa. Kisha mpira ulielekezwa hadi kwenye mdomo wa nyuma "ili kutoa masizi", na maji yakaingia tumboni. Kisha pikipiki ikafutwa kwa nje, ikafunikwa kwa turubai la plastiki, ikafungiwa stoo mpaka Magharibi. Ukimtaka mtu akufundishe namna ya kutengeneza kutu, hatakupa somo bora kuliko hilo.

Wapo wanaoingiza pikipiki ziwani hadi magurudumu yazame nusu. Ekzosi yenye moto ikizamishwa, hewa iliyomo ndani hupoa na kusinyaa, na maji huvutwa kuingia. Hilo ni kwa upande wa chombo. Kwa upande wa watu, oili na petroli inayoachwa pale ndiyo tunayokwenda kuichota, kwa kuwa maji ya mji wa Musoma yanatoka ziwa hilo hilo. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Tunavyofanya sasa ni hivi. Pikipiki inaachwa ipoe hadi kiganja kiweze kukaa juu ya ekzosi bila kuondolewa. Mdomo wa nyuma unazibwa kwa kitambaa, nacho kitambaa chenyewe kinaachwa kining'inie ili asisahau mtu kukitoa. Maji ya ndoo moja yanatosha, pamoja na sabuni ya kawaida na sponji laini. Israfu ya maji haiongezi usafi. Sabuni inasuuzwa yote. Kipande cha kanga kuukuu kinakausha, hasa kwenye maungio na nyuma ya kibati. Kitambaa cha mdomoni kinaondolewa, tundu la chini linachokonolewa. Kisha, na hili ndilo lililokuwa likikosekana, pikipiki inatoka kwa mwendo wa angalau robo saa barabarani. Kuiacha ingurume mahali pamoja hakutoshi, kwa sababu tumbo la nyuma halipati moto. Ikirudi haifunikwi mpaka ipoe, na ikifunikwa ni kwa shuka la kitambaa linalopitisha hewa.

Akina mama watanisamehe nikigusa vitu vya jikoni, lakini vijana huvichukua huko. Stilwaya ya kusugulia sufuria hukwaruza kromu, na zaidi ya hapo huacha chembe za chuma ambazo zenyewe hushika kutu kesho yake. Majivu na mchanga ni vivyo hivyo. Jiki isiguse chuma kabisa. Ndimu na siki zina asidi inayoondoa kutu nyepesi, lakini zikiachwa zinaendelea kula. Anayezitumia asuuze mara moja na akaushe. Kilicho bora kuliko vyote hivyo ni karatasi ya foili, ile ya kufungia vyakula. Ikunje, ichovye kwenye maji safi, sugua doa la kutu polepole. Foili ni laini kuliko kromu, hivyo haiikwaruzi, na inaondoa kutu vizuri ajabu. Kijana mmoja aliniambia hutumia ile ya ndani ya pakiti za sigara. Nikamjibu kuwa hata ya biskuti ipo.

Doa likishatoka, vile vitundu vilivyobaki vinahitaji kuzibwa. Kwenye tumbo la nyuma, ambako joto si kali, nta ya kung'arishia magari ikipakwa nyembamba inasaidia. Kwenye bomba la mbele nta itaungua tu na kuacha moshi. Kuhusu oili chafu, ambayo wengi huipaka wakidhani inalinda: ina masizi na asidi, hukusanya vumbi, hutoa moshi, na ikidondoka kwenye tairi la nyuma au breki inaweza kuua mtu. Isitumike.

Stoo iliyo jirani na madrasa

Kuna jambo moja ambalo sikuligundua Bunda wala njiani. Lilinijia usiku, nikaketi kitandani. Stoo tunamoweka pikipiki imepakana na chumba cha madrasa, na kati yao mna dirisha la nondo lisilo na kioo. Asubuhi kijana wetu alikuwa akiiwasha humo humo ndani "ipate moto" huku mlango ukiwa nusu, kwa sababu ya upepo wa ziwani, na watoto wameshaketi na misahafu yao.

Moshi wa petroli una hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Huanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu, na katika chumba kilichofungwa huua. Ekzosi nzima huitoa nyuma na mbali. Ekzosi iliyotoboka huimwaga pale pale. Nyumba nyingi kwetu hulaza pikipiki sebuleni au kwenye korido kwa kuhofia wezi, na sina wa kumlaumu katika hilo. Lakini isiwashwe ndani hata kwa dakika moja. Isukumwe hadi nje, kwenye uwazi, ndipo iwashwe. Watoto wetu wako salama, alhamdulillahi. Stoo imehamishwa.

Rangi ya fedha

Kamati ilikutana Jumapili. Niliweka ekzosi iliyotoboka mezani, juu ya gazeti. Mzee wetu mweka hazina aliigeuza, akaitazama upande unaong'aa, kisha upande wenye tundu, akaniuliza, "Katibu, miaka mitatu yote ulikuwa unang'arisha nini?" Sikuwa na jibu.

Ndugu mmoja, mtu mwema na mwenye kuuonea uchungu mfuko wa msikiti, alitoa shauri. Kuna bwana wa Butiama ambaye amekuwa akiiulizia pikipiki ile. Tundu lichomelewe kiraka, ipulizwe rangi ya fedha ya kuhimili moto, iuzwe, tuongeze kidogo tununue mpya. Hakusema tudanganye, alisema tu kwamba rangi ile inapendeza. Na rangi yenyewe si haramu. Ekzosi ambayo kromu yake imekwisha lakini chuma chake ni kizima, kusuguliwa kwa msasa na kupulizwa rangi hiyo ni matengenezo halali na ya busara. Lakini kupaka juu ya kilichooza ili mnunuzi asione ni kuficha aibu ya bidhaa, na kila aliyekaa kwenye darsa la biashara anajua kuwa muuzaji hulazimika kuitaja aibu anayoijua, na kwamba mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha. Tena ilikuwa mali ya wakfu, ambayo kuuzwa kwake kuna masharti yake, na hayo yalikuwa hayajazungumzwa hata kidogo.

Mzee alimwita yule bwana wa Butiama kwa simu, pale pale, tukisikia sote. Akaja kesho yake. Akaonyeshwa tundu. Akacheka, akasema angeligundua kabla hajafika Makutano.

Hatukuuza. Ekzosi mpya imenunuliwa kwa fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya busati la safu za nyuma, na busati linangoja. Kuhusu lile swali langu la njiani, kamati iliona kwamba kutojua si sawa na kuzembea, ila kuanzia sasa ninajua, na mara ya pili haitakuwa na udhuru. Nusu ya gharama nililipa kwa hiari yangu.

Ekzosi ya zamani fundi aliikata katikati kwa urefu wake, na sasa imewekwa ofisini kwangu. Vijana wa bodaboda huja baada ya Isha kuitazama. Nusu moja ni kioo kwa nje na udongo mwekundu kwa ndani. Daftari la matengenezo limeongezwa safu mbili, ya tundu la chini na ya safari ndefu. Kila Jumamosi baada ya Alfajiri imamu huichukua pikipiki akaelekea Butiama, akazuru wagonjwa huko, akarudi kabla ya Adhuhuri. Juzi alipokuwa akivaa kofia ngumu alinitazama akatabasamu, akasema, "Katibu, zamani nilidhani unanituma kwa ajili ya wagonjwa."